Aldo Leopold na Shamba Lililochoka

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuona shamba lililochoka. Mahindi yake ni mafupi na ya manjano. Mvua ikinyesha, udongo unakwenda na maji. Mwenyewe hulihama, akatafuta jingine. Mtu utakayesoma habari zake hapa alifanya kinyume. Alitafuta shamba la namna hiyo, akalinunua.

Jina lake aliitwa Aldo Leopold. Alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Burlington, nchini Marekani. Alisomea misitu, na mwaka 1909 akawa bwana miti wa serikali katika milima mikavu ya kusini-magharibi. Siku hizo mbwamwitu waliuawa kila walipoonekana. Watu waliamini kwamba mbwamwitu wakiisha, kulungu watakuwa tele kwa wawindaji. Leopold naye aliamini hivyo, akawapiga risasi. Miaka ikapita, akaona matokeo. Kulungu walizidi, wakala kila chipukizi, milima ikabaki mitupu. Mwisho kulungu wenyewe wakafa kwa njaa. Leopold hakuona haya kubadili mawazo yake mbele ya watu, na mimi nampendea hilo zaidi.

Mwaka 1933 alikuwa profesa wa utunzaji wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Miaka hiyo ukame uliipiga Marekani, na upepo ulipeperusha udongo wa mashamba kama unga. Mwaka 1935 alinunua shamba la ekari kama 80 kando ya mto Wisconsin. Lilikuwa mchanga mtupu. Aliyekuwa nalo kabla yake alilima mpaka rutuba ikaisha. Nyumba ilikuwa imeungua. Kilichosimama ni banda la kuku, nalo limejaa samadi. Leopold, mkewe Estella na watoto wao 5 waliikomba samadi ile, wakalifanya banda hilo kibanda chao cha kulala mwisho wa juma.

Hapa tusidanganyane. Leopold alikuwa na mshahara, hakulitegemea shamba hilo kwa chakula. Wewe unayekula jasho lako huwezi kuacha shamba lako lote liwe msitu. Lakini kazi aliyoifanya ni ya mikono, na kipande cha shamba kilichokushinda huenda unacho.

Kila mwaka, baridi ilipokwisha, familia ilishika sepetu ikapanda miti. Hawakupanda mti wowote tu. Walichagua miti iliyoota katika nchi ile tangu zamani, hasa misonobari. Usishangae: kwetu msonobari ni mti wa kigeni, lakini kule ni wa asili. Walirudisha pia majani na maua ya nyika yaliyomalizwa na jembe. Walitaka ndege na wanyama wa mahali pale wapate tena chakula na maficho waliyoyazoea.

Kisha likaja jua la mwaka 1936. Karibu miche yote waliyopanda mwaka huo ilikufa. Fikiria, umepanda maelfu ya miche, unarudi unakuta vijiti vikavu. Mwaka uliofuata walipanda tena. Mingine ikatafunwa na kulungu, wakapanda tena. Kufika mwaka 1948 walikuwa wamepanda miti zaidi ya 40,000. Leopold alikuwa na daftari pia. Kila alfajiri aliandika ndege gani ameanza kulia, ua gani limefunguka, na tarehe yake.

Tarehe 21 Aprili 1948 moto ulizuka katika shamba la jirani, ukaanza kuja upande wa misonobari yake. Leopold alikwenda kuuzima pamoja na wengine. Akiwa katika kazi hiyo moyo wake ulisimama, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 61. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amepata habari kwamba kitabu chake kuhusu shamba hilo kimekubaliwa. Kilichapishwa mwaka 1949, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi.

Miti ile ilikua. Korongo, ambao siku zake walikuwa wachache sana Wisconsin, sasa hukusanyika kwa maelfu karibu na shamba hilo kabla ya kuhama kukimbia baridi. Banda la kuku bado limesimama, chini ya kivuli cha misonobari.