McAdam: mpika lami aliyejenga barabara bila lami

Mafundi wanaposhindilia kokoto kwenye barabara ya Mpanda kwenda Tabora, wanafuata wazo la mtu aliyefariki mwaka 1836: John Loudon McAdam.

Alizaliwa mwaka 1756 mjini Ayr, Uskoti. Akiwa na miaka 14, baada ya baba yake kufariki, alipelekwa New York kwa ndugu wa baba, akawa mfanyabiashara. Wamarekani walipopigania uhuru yeye alisimama na Waingereza, na mwaka 1783 alirudi kwao.

Huko aliingia kwenye kiwanda cha Muirkirk, wakipika lami kutokana na makaa ya mawe. Ilipakwa kwenye mbao za meli ili maji yasipenye. Ajabu ni kwamba hakuimwaga barabarani.

Mwaka 1816 alikabidhiwa barabara za Bristol, Uingereza. Wakati ule wengi waliamini barabara imara lazima ianze na mawe makubwa chini. McAdam alikataa. Alisema kinachobeba mzigo ni udongo wenyewe, mradi uwe mkavu. Basi aliinua barabara juu ya ardhi ya pembeni, akachimba mitaro, akatandaza kokoto ndogo tu, kila moja isiyozidi gramu 170 hivi. Magurudumu yenyewe yalizishindilia zikashikana. Alipotaka kupewa cheo cha heshima alikataa. Alikipokea mwanawe James.

Lami ilikuja baadaye. Mwaka 1902 Edgar Hooley alisajili njia ya kuichanganya na kokoto. Siku hizi hutumika lami ya mafuta ya petroli, lakini kazi yake ni ileile ya Muirkirk: kuzuia maji.

Tatizo ni kwamba lami huzeeka. Hewa ya oksijeni huibadilisha polepole, na jua kali la Septemba na Oktoba hapa Katavi huharakisha kazi hiyo. Sehemu yake laini yenye mafuta hupungua, sehemu ngumu huongezeka. Lami nyeusi inayonepa inakuwa ya kijivu na kukatika kama mkate uliokauka. Lori likipita, ufa. Mvua za Novemba zikianza, maji yanashuka hadi kwenye udongo ule ambao McAdam alitaka ukae mkavu, na shimo linazaliwa.

Lami iliyokauka inaweza kurudishiwa ulaini. Hunyunyiziwa mafuta maalumu juu yake, kisha mchanga ili magari yasiteleze. Au hukwanguliwa, ikachanganywa na mafuta hayo na lami mpya, ikatandazwa tena. Lakini kunyunyizia kunafaa mapema, nyufa zikiwa bado nyembamba. Udongo wa chini ukishalowa, hakuna mafuta yatakayosaidia. Ni kufukua na kujenga upya, kwa gharama kubwa zaidi.

Na mtaro uliozibwa na takataka au udongo wa shamba hulowesha barabara kutokea pembeni, hata kama lami ya juu ni mpya.