James Theodore Holly: Alihama na watu 110, akazika familia yake, akabaki

Ndugu msomaji, huenda jina la James Theodore Holly ni geni kwako. Alikuwa Mmarekani mweusi, fundi viatu, mhariri wa gazeti la wakimbizi, na mwishowe askofu wa kanisa la Kianglikana lililojitegemea nchini Haiti. Alifariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tunakusimulia maisha yake kwa sababu aliyopitia unaweza kuyatambua, uwe mkimbizi au mwenyeji: nchi iliyomkataa, safari iliyojaa matumaini, misiba ugenini, na kazi ndefu ya kuanza upya.

Fundi viatu aliyezaliwa huru

Holly alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1829 mjini Washington, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu huru, lakini mji huo bado ulikuwa na watumwa. Baba yake alikuwa fundi viatu, na kijana akajifunza kazi hiyohiyo. Familia ilihamia Brooklyn, New York. Baadaye Holly na kaka yake Joseph walifanya kazi ya viatu huko Burlington, katika jimbo la Vermont.

Mwaka 1850 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu mtu aliyetoroka utumwa kukamatwa hata katika majimbo yasiyo na utumwa na kurudishwa kwa bwana wake. Waliozaliwa huru nao wakaingiwa na hofu, kwa maana mtu mweusi aliyesingiziwa kuwa mtoro hakuruhusiwa hata kutoa ushahidi wa kujitetea. Maelfu wakavuka mpaka kwenda Kanada.

Gazeti la wakimbizi

Nchini Kanada, ng'ambo ya mto ukitokea Detroit, Henry Bibb, ambaye mwenyewe alikuwa ametoroka utumwa, alianzisha gazeti mwaka 1851. Aliliita Voice of the Fugitive, yaani Sauti ya Mtoro. Holly alikwenda Windsor akawa mhariri msaidizi. Gazeti hilo lilitetea haki za waliokimbilia Kanada na kuwapa habari za maisha mapya. Kama unasoma ukurasa huu kwenye simu yako ukiwa makazini, ujue kwamba kazi ya namna hii ilikuwapo tangu zamani.

Katika miaka hiyo Holly, aliyebatizwa Mkatoliki, alijiunga na Kanisa la Episcopal, ambalo ni kanisa la Kianglikana la Marekani. Alipewa ushemasi mwaka 1855, na Januari 1856 akawa kasisi. Alihudumia parokia ya watu weusi ya Mtakatifu Luka mjini New Haven, Connecticut, hadi mwaka 1861.

Kwa nini Haiti?

Haiti ni nchi ya visiwa vya Karibi. Watumwa wake waliasi, wakayashinda majeshi ya Ufaransa, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru. Kwa Holly, hapo palikuwa na jambo ambalo Marekani haikumpa mtu mweusi: serikali yake mwenyewe. Mwaka 1855 alisafiri kwenda huko kuzungumza na viongozi kuhusu kupokea wahamiaji. Aliporudi alizunguka akihutubia, na mwaka 1857 alichapisha mhadhara uliotetea uwezo wa watu weusi kujitawala, akitumia historia ya Haiti kama ushahidi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu mweusi, hata aliye huru, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo.

Si wote waliokubaliana naye. Viongozi wengi weusi walisema kwamba Marekani ni nchi yao pia, kwa hiyo wabaki na kupigania haki zao hapohapo. Lakini serikali ya Rais Fabre Geffrard wa Haiti ilikuwa ikiwakaribisha wahamiaji na kuwaahidi ardhi. Mei 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza nchini Marekani, Holly aliondoka na watu wapatao 110. Miongoni mwao walikuwamo mama yake, mke wake Charlotte, na watoto wao.

Mwaka wa kwanza

Walifika wakati mbaya, na homa zikawavamia, malaria ikiwa miongoni mwake. Katika mwaka wa kwanza watu 43 wa kundi hilo walifariki. Holly alimzika mama yake. Alimzika mke wake. Aliwazika watoto wake wawili. Alibaki na wavulana wawili wadogo.

Wengi waliosalia walirudi Marekani, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Fikiria mzigo wa kiongozi huyo. Watu walimwamini, wakauza vitu vyao, wakapanda meli pamoja naye. Aliwaambia habari za uhuru wa Haiti, na habari hizo zilikuwa za kweli. Lakini ukweli kuhusu uhuru haukuwakinga na malaria, wala haukuwapa dawa.

Holly hakurudi. Alibaki Port-au-Prince na wachache waliokubali kuendelea. Mwaka 1862 alichukua uraia wa Haiti na kuoa tena. Mke wake mpya, Sarah Henley, alimzalia watoto wengine. Tangu hapo hakuishi tena kama mgeni anayesubiri siku ya kuondoka.

Kanisa la wenyeji

Parokia aliyoianzisha iliitwa Utatu Mtakatifu. Kazi haikuwa rahisi. Wahaiti wengi walikuwa Wakatoliki, lugha ya ofisi ilikuwa Kifaransa, na fedha kutoka Marekani zilikuwa chache. Majengo ya kanisa yaliungua zaidi ya mara moja katika mioto iliyoukumba mji, na kila mara ilibidi kuanza tena.

Holly alishikilia jambo moja: kanisa la Haiti liongozwe na Wahaiti. Aliandaa makasisi kutoka kwa wenyeji badala ya kusubiri wamisionari kutoka nje. Alijali afya pia, maana alijua kwa uchungu jinsi homa inavyoweza kumaliza nyumba. Baadhi ya wanawe walisomea udaktari.

Tarehe 8 Novemba 1874, katika kanisa la Grace mjini New York, Holly aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa uaskofu na Kanisa la Episcopal. Hata hivyo hakuwekwa kuwa askofu wa dayosisi ya Marekani. Kwa makubaliano maalumu, alikuwa kiongozi wa kanisa la Haiti lililojitegemea, lenye ushirika na kanisa la Marekani lakini lisilo chini yake. Mwaka 1878 alihudhuria mkutano wa Lambeth, unaowakusanya maaskofu wa Kianglikana, na alihubiri katika Westminster Abbey mjini London.

Baada ya hapo alirudi kwenye kazi yake Haiti. Alifariki Port-au-Prince tarehe 13 Machi 1911, akiwa na umri wa miaka 81. Alikuwa ameishi Haiti karibu miaka 50, muda mrefu kuliko alioishi nchi aliyozaliwa. Miaka miwili baadaye kanisa lake liliwekwa chini ya kanisa la Marekani, na kujitegemea alikokupigania kukakoma. Kanisa kuu la Utatu Mtakatifu lilibomolewa na tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010, lakini waumini hawakutawanyika. Dayosisi ya Haiti ni miongoni mwa zile zenye waumini wengi katika Kanisa la Episcopal.

Tujifunze nini?

Ndugu msomaji, kila siku kuna anayekuambia habari za nchi nzuri zaidi, makazi mazuri zaidi, njia rahisi zaidi. Huenda anasema kweli. Kabla ya kufunga mizigo, uliza yale ambayo watu wa Holly walilazimika kuyajua baada ya kufika: ni msimu gani huko, maji yanatoka wapi, mgonjwa anatibiwa wapi, na ahadi ya ardhi imeandikwa na nani. Waulize waliokwisha kufika, na uwaulize pia waliorudi.

Na kama umeshafika, umezika wako hapa, na kurudi hakuwezekani, basi tazama alichofanya Holly baada ya mwaka ule. Alijifunza kuishi na wenyeji, akafundisha vijana wao, akawaachia uongozi. Wewe mwenyeji unayesoma, kumbuka kwamba kanisa lile lilisimama kwa sababu Wahaiti nao waliingia, wakalifanya lao, na wakamhesabu mgeni yule kuwa mmoja wao.