Marcus Samuel

Marcus Samuel (5 Novemba 1853 – 17 Januari 1927) alikuwa mfanyabiashara wa Uingereza aliyeanzisha kampuni ya mafuta ya Shell. Anakumbukwa hasa kwa kuingia katika soko la mafuta ya taa barani Asia wakati Standard Oil ya Marekani ilipokuwa kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Historia yake inaonyesha jinsi mshindani mdogo anavyoweza kumdhoofisha mkubwa, na pia gharama ya kufanya hivyo.

Maisha ya awali

Samuel alizaliwa Whitechapel, mashariki mwa London, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, aliyeitwa pia Marcus, aliuza vitu vya kale na visanduku vilivyopambwa kwa makombe ya baharini, kisha akapanua biashara hadi Mashariki ya Mbali. Baada ya kifo cha baba, Marcus na mdogo wake, Samuel Samuel, waliendeleza kazi hiyo. Mdogo wake alifungua ofisi Yokohama, Japani. Ndugu hao hawakuwa na visima vya mafuta wala viwanda vya kuyasafisha. Nguvu yao ilikuwa kufahamiana na kuaminiana na wafanyabiashara wa bandari za Asia.

Nguvu ya Standard Oil

Standard Oil ilianzishwa mwaka 1870 na John D. Rockefeller pamoja na wenzake. Katika miaka ya 1880 ilidhibiti takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini Marekani. Mshindani alipojitokeza mahali fulani, kampuni hiyo ilishusha bei mahali hapo, huku faida ya masoko mengine ikifidia hasara. Mwenye soko moja tu hakuweza kuvumilia: alifilisika au aliuza kampuni yake.

Mpango wa Samuel

Mwaka 1890 Samuel alisafiri hadi Kaukazi pamoja na Fred Lane, dalali wa meli wa London, kuona biashara ya mafuta ya Baku, iliyokuwa sehemu ya Dola la Urusi. Mwaka uliofuata alipata mkataba wa kununua mafuta ya taa kutoka kampuni ya akina Rothschild wa Paris.

Wakati huo mafuta ya taa yalifika Asia katika madebe, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Vyombo hivyo viliongeza gharama, vilichukua nafasi na vilivuja. Samuel aliamua kuyasafirisha yakiwa yamemiminwa ndani ya matangi ya meli, tena kupitia Mfereji wa Suez. Wasimamizi wa mfereji walikuwa hawaruhusu meli za namna hiyo kwa kuhofia moto. Kwa hiyo mhandisi Fortescue Flannery alibuni meli iliyotimiza masharti yao ya usalama. Matangi yake yaliweza kusafishwa kwa mvuke, ili meli irudi Ulaya na mchele au bidhaa nyingine badala ya kurudi tupu.

Meli ya kwanza, Murex, ilipita Suez mwezi Agosti 1892 ikielekea Singapore na Bangkok. Kufikia mwisho wa mwaka 1893 meli nyingine kumi zilikuwa zimeteremshwa majini, zote zikiwa na majina ya makombe.

Samuel alikuwa amejenga matangi ya kuhifadhia mafuta katika bandari nyingi, na mpango wote ulifanywa kwa siri. Alikusudia kuuza katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kama Standard Oil ingetaka kumwangusha kwa bei, ingelazimika kushusha bei karibu Asia nzima na kuumia yenyewe.

Jambo moja hakulitarajia. Wanunuzi walitaka debe pamoja na mafuta, kwa sababu debe tupu lilikuwa na matumizi mengi nyumbani. Samuel aliagiza mabati yapelekwe Asia ili madebe yatengenezwe huko huko. Yalipakwa rangi nyekundu, tofauti na ya buluu ya Standard Oil.

Kampuni ya Shell na udhaifu wake

Mwaka 1897 Samuel na washirika wake waliunda Shell Transport and Trading Company. Mwaka 1901 alikataa kuiuza kwa Standard Oil. Hata hivyo, kampuni yake ilitegemea sana mafuta ya wengine. Mwaka huohuo aliingia mkataba mkubwa wa kununua mafuta ya Spindletop, Texas, lakini mwaka 1902 visima vya huko vilianza kupungua nguvu. Mwaka huo pia alikuwa Meya wa Jiji la London, kazi iliyomchukulia muda mwingi.

Mwaka 1907 Shell iliungana na Royal Dutch ya Uholanzi, iliyoongozwa na Henri Deterding. Waholanzi walipata asilimia 60 na Shell asilimia 40. Samuel alibaki mwenyekiti wa Shell, lakini uongozi halisi wa kundi zima ulikuwa wa Deterding.

Miaka ya mwisho

Samuel alipewa cheo cha Sir mwaka 1898, baada ya chombo chake kusaidia kuinasua manowari ya Uingereza iliyokwama karibu na Port Said. Mwaka 1921 alifanywa Baron Bearsted, na mwaka 1925 Viscount. Mwanawe Gerald aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Samuel alifariki London akiwa na umri wa miaka 73, muda mfupi baada ya kifo cha mkewe, Fanny.

Tathmini

Samuel hakuiangusha Standard Oil. Iliyoivunja ni Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamuru mwaka 1911 igawanywe kuwa kampuni 34. Alichofanya yeye ni kuondoa faida ya ukubwa wake barani Asia, kwa usafirishaji wa bei nafuu na kwa kuuza sehemu nyingi kwa pamoja. Lakini kampuni yake iliweza kuendelea kushindana na wakubwa kwa kuungana tu, na kundi la Royal Dutch Shell likawa lenyewe mojawapo ya makampuni makubwa ya mafuta duniani.