Ernie Davis, Mchezaji Namba 44

Mpira wa Kimarekani si huu tunaoucheza sisi siku zote. Mpira wao umechongoka pande mbili, hubebwa kwapani, na mchezaji hukimbia nao huku wapinzani wakijitahidi kumwangusha chini. Akifaulu kuuvusha mstari wa mwisho, timu yake hupata pointi 6. Sheria nyingine tuziache, maana ni nyingi mno. Habari yetu ni ya kijana mmoja aliyeucheza.

Ernie Davis alizaliwa tarehe 14 Desemba 1939 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikufa katika ajali kabla yeye hajazaliwa, naye akalelewa na babu na bibi katika mji wa Uniontown, mji wa wachimba makaa. Alikuwa mtoto mwenye kigugumizi, hivyo akazoea kusema machache. Alipofika umri wa miaka 12 alikwenda kuishi na mama yake huko Elmira, jimbo la New York, na hapo watu wakaona jinsi alivyojaliwa mbio na nguvu.

Vyuo vingi vilimtaka. Alichagua Chuo Kikuu cha Syracuse, baada ya kushawishiwa na Jim Brown, mtu mweusi mwenzake aliyepata sifa kubwa hapo akivaa namba 44. Davis akapewa namba hiyo hiyo. Siku zile mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa, basi akangoja hadi mwaka 1959.

Mwaka huo Syracuse haikushindwa hata mara moja. Kocha wao, Ben Schwartzwalder, alikuwa askari wa miavuli katika Vita Kuu ya Pili, na aliwafundisha vijana wake kwa ukali wa kijeshi. Katika michezo 10 walipata pointi 390, wakafungwa 59 tu; katika michezo 5 wapinzani hawakupata kitu. Colgate walipigwa 71 kwa 0. Ni Penn State peke yao waliowatoa jasho hasa, 20 kwa 18.

Tarehe 1 Januari 1960 walikwenda Dallas, Texas, kupambana na Chuo Kikuu cha Texas. Huko ubaguzi wa rangi ulikuwa mambo ya kawaida. Davis alikuwa ameumia msuli wa paja mazoezini, lakini mchezo ulipoanza tu alidaka mpira na kuukimbiza hadi mwisho, safari ya yadi 87. Kulikuwa na matusi juu ya rangi, na ngumi zikarushwa uwanjani. Syracuse walishinda 23 kwa 14, wakawa mabingwa wa nchi nzima, naye Davis akatajwa kuwa mchezaji bora wa siku ile.

Jioni kukawa na karamu ya kutoa zawadi. Davis akaarifiwa kwamba ataruhusiwa kupokea tuzo yake, kisha atoke, kwa kuwa mahali pale weusi hawakuruhusiwa kukaa. Mchana amewashinda wote, jioni hana kiti! Wako waliosema baadaye kwamba alikuwa mpole kupita kiasi. Mimi sioni hivyo. Alirudi chuoni akacheza miaka miwili zaidi, na mwaka 1961 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Heisman, iliyokuwa ikitolewa tangu mwaka 1935. Rais Kennedy, aliyekuwa New York siku hiyo, alionana naye na kumpa mkono.

Timu ya Washington ndiyo iliyomchagua kwanza kati ya wachezaji wote. Mwenye timu hiyo alikuwa amekataa weusi miaka mingi, mpaka serikali ikamwonya kwamba asipobadilika hataruhusiwa kuutumia uwanja uliojengwa juu ya ardhi ya serikali. Davis alibadilishwa na Bobby Mitchell, mweusi pia, aliyekwenda Washington na kuichezea mwaka 1962. Davis akaenda Cleveland.

Hakucheza huko hata mchezo mmoja. Katika kiangazi cha 1962 madaktari waligundua kansa ya damu. Usiku mmoja mwezi wa Agosti alitambulishwa uwanjani Cleveland mbele ya watu zaidi ya 70,000, nao wakamshangilia kwa nguvu. Machi 1963 aliandika gazetini kwamba akiyatazama maisha yake hajioni kuwa mtu mwenye bahati mbaya.

Katikati ya Mei alikwenda ofisini kwa mwenye timu ya Cleveland, akamwomba radhi kwa usumbufu na gharama za matibabu. Kisha akaingia hospitali. Alifariki tarehe 18 Mei 1963, akiwa na miaka 23, akazikwa Elmira. Watu zaidi ya 10,000 walipita kumuaga, weusi kwa weupe, katika mstari mmoja.