Senna: Bingwa wa langalanga aliyemgonga hasimu wake kusudi

KATIKA historia ya mbio za magari ya langalanga, ni majina machache yanayozua ubishi kama la Ayrton Senna wa Brazil. Alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu, akafikwa na mauti akiwa usukanini, na mojawapo ya mataji yake alilipata kwa kumgonga mpinzani wake kusudi, ulimwengu mzima ukishuhudia kwenye runinga.

Senna alizaliwa Machi 21, 1960 jijini São Paulo. Hakulelewa katika dhiki. Babake, Milton da Silva, alikuwa mtu wa mali, mwenye kiwanda na mashamba, naye ndiye aliyempa mwanawe kigari kidogo chenye injini ya mashine ya kukatia nyasi alipokuwa na umri wa miaka minne tu. Akiwa na miaka 13 alianza kushindana rasmi katika vigari vya aina hiyo. Mnamo 1981 alihamia Uingereza, na miaka miwili baadaye akanyakua ubingwa wa Formula 3 nchini humo baada ya ushindani mkali na Mwingereza Martin Brundle, ambapo magari ya wawili hao yaligongana zaidi ya mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu.

Aliingia katika langalanga mwaka wa 1984 na timu ya Toleman, ambayo haikuwa na gari la kutisha mtu. Hata hivyo, jijini Monaco mvua ilinyesha kwa kishindo, na kijana huyo akawapita mabingwa mmoja baada ya mwingine hadi akabakisha mmoja tu mbele yake, Mfaransa Alain Prost. Senna alikuwa akimkaribia kwa kasi wasimamizi waliposimamisha mbio kwa sababu ya mvua. Prost alitangazwa mshindi, lakini kwa kuwa mbio hazikufika mwisho, alipewa nusu ya alama, yaani nne na nusu. Mwishoni mwa mwaka huo alikosa ubingwa wa dunia kwa nusu alama. Laiti mbio zingeendelea naye akamaliza wa pili nyuma ya Senna, angepata alama sita na kuwa bingwa!

Ushindi wa kwanza wa Senna ulipatikana Ureno mwaka wa 1985, tena mvuani, akiwa na timu ya Lotus. Kisha mnamo 1988 akajiunga na McLaren, alikokuwa Prost. Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa mafahali kwelikweli. Kati ya mashindano 16 ya mwaka huo, timu hiyo ilishinda 15: Senna manane, Prost saba. Prost alikusanya alama nyingi zaidi kwa jumla, lakini kanuni za wakati huo zilihesabu matokeo 11 bora pekee ya kila dereva, na kwa hesabu hiyo Senna akawa bingwa kwa alama 90 dhidi ya 87.

Uhasama ulikuwa umeanza kuchipuka. Huko Estoril, Ureno, mwaka huo huo, Senna alimbana Prost kwenye ukuta wakiwa katika mwendo wa kasi mno, na Mfaransa huyo hakulisahau tendo hilo. Mwaka uliofuata, mjini Imola nchini Italia, wawili hao walipatana kwamba atakayetangulia kufika kona ya kwanza asipitwe hapo. Mbio zilipoanzishwa upya baada ya ajali ya Gerhard Berger, Prost alitangulia, na Senna akampita. Prost aliona ameghilibiwa na mtu asiyeshika ahadi. Tangu siku hiyo walikuwa wenza wa karakana moja wasiosemezana.

Oktoba 1989 walifika Suzuka, Japani. Ili kuhifadhi taji lake, Senna alilazimika kushinda hapo. Zikiwa zimesalia duru chache, alijaribu kumpita Prost kwa upande wa ndani wa kona. Prost hakumwachia nafasi, magari yakagongana na kusimama yakiwa yamenasana. Mfaransa alishuka, akijua kwamba ubingwa ni wake. Senna akaomba asukumwe, akarejea barabarani kupitia njia ya dharura, akabadilishiwa pua ya gari na kumaliza wa kwanza. Furaha yake ilikuwa fupi. Alipokonywa ushindi kwa madai kwamba aliikwepa kona, akatozwa faini ya dola 100,000 na kupewa adhabu ya kufungiwa miezi sita iliyoahirishwa. Rais wa shirikisho la mchezo huo, Jean-Marie Balestre, alikuwa Mfaransa, na Senna aliamini kwamba yeye na Prost walikuwa lao moja.

Wengi waliotazama picha za kona ile walimwona Prost kama aliyekata kona mapema kuliko kawaida yake. Kwa mtazamo wangu, Senna alikuwa na haki ya kulalamika mwaka ule. Aliloliamua mwaka uliofuata ni jambo lingine kabisa.

Prost alikuwa amehamia Ferrari, na Suzuka ikawa tena uwanja wa hukumu. Safari hii Senna ndiye aliyeongoza kwa alama, na iwapo Prost asingemaliza mbio, ubingwa ulikuwa wa Mbrazili. Senna alishinda nafasi ya kwanza ya kuanzia, lakini nafasi hiyo iliwekwa upande wa barabara wenye vumbi, ambapo magurudumu huteleza. Aliomba ihamishwe, ombi likakataliwa. Oktoba 21, 1990 Prost aliondoka vyema na kutangulia. Kwenye kona ya kwanza kabisa Senna hakupunguza mwendo. Alimvaa kutoka nyuma, na magari yote mawili, matangi yakiwa yamejaa mafuta, yakatoka barabarani kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa na kutua mchangani katika wingu la vumbi. Waliondoka salama, na Senna akawa bingwa bila kumaliza hata duru moja. Hakuadhibiwa.

Bingwa wa zamani Jackie Stewart alipomhoji muda mfupi baadaye kuhusu wingi wa migongano yake, Senna alikasirika na kujitetea vikali. Mwaka mmoja ukapita. Oktoba 1991, baada ya kutwaa taji lake la tatu papo hapo Suzuka, alikiri mbele ya wanahabari kwamba aliazimia mapema kutomwachia Prost kona ile, liwe liwalo. Balestre alikuwa ametoka madarakani mwezi huo huo.

Dhuluma ya mezani haimpi mtu ruhusa ya kuhatarisha uhai wa mwenzake barabarani. Na kimya cha wakuu kilizaa matunda machungu: mwaka wa 1994 Mjerumani Michael Schumacher alitwaa ubingwa baada ya kugongana na Damon Hill, na mnamo 1997 alipomgonga Jacques Villeneuve, ndipo walipomfuta kwenye orodha ya msimu.

Lakini dereva huyu huyu, katika mazoezi ya mbio za Ubelgiji mwaka wa 1992, aliegesha gari lake na kukimbia barabarani kwa miguu, wenzake wakipita kwa kasi, ili kuizima injini ya Erik Comas aliyekuwa amezirai ndani ya gari lililopondeka. Huyo pia alikuwa Senna.

Prost alistaafu mwishoni mwa 1993 akiwa na mataji manne. Katika mbio zake za mwisho, huko Adelaide, Australia, Senna aliyekuwa ameshinda alimvuta juu ya jukwaa na kumkumbatia. Msimu uliofuata alichukua kiti cha Prost katika timu ya Williams, na hasimu akageuka mtu wa kupigiwa simu.

Wikendi ya Imola ya 1994 ilianza kwa mkosi. Ijumaa Rubens Barrichello alinusurika ajali mbaya. Jumamosi Roland Ratzenberger wa Austria akafariki. Daktari wa mbio, Sid Watkins, alimsihi rafiki yake Senna aachane na mchezo huo, lakini akajibiwa kwamba haiwezekani. Jumapili asubuhi, Mei 1, Senna alimtumia Prost, aliyekuwa hapo kama mtangazaji wa runinga ya Ufaransa, salamu kwa redio ya gari, akimwambia kwamba anamkosa. Baadaye walikutana wakazungumzia usalama wa madereva.

Katika duru ya saba, gari la Senna liliacha barabara kwenye kona ya Tamburello na kugonga ukuta wa saruji. Alikuwa na umri wa miaka 34. Ndani ya gari ilipatikana bendera ya Austria, ambayo alidhamiria kuipeperusha kwa heshima ya Ratzenberger.

Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mamia ya maelfu wakajaa barabara za São Paulo. Miongoni mwa madereva waliolisindikiza jeneza hadi makaburi ya Morumbi alikuwemo Alain Prost. Baadaye dadake marehemu, Viviane, alipoanzisha wakfu wa kuwasomesha watoto wa Brazil kwa jina la ndugu yake, Prost alikubali kuwa mmoja wa wadhamini wake.