Maisha ya Daktari Burkitt, Aliyekisifu Chakula Chetu

Mama yangu huuza lengalenga hapa kwetu Buterere, Bujumbura. Zamani niliona haya mbele ya wenzangu, maana tulidhani kula vizuri ni kula mkate mweupe na kunywa soda. Haya hiyo iliondolewa na maisha ya mtu mmoja, nami nataka kuwasimulia.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 karibu na Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Dublin, kisha akageukia udaktari. Mwaka 1946 alikuja Uganda, akafanya kazi Lira, halafu Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1957, aliona watoto waliovimba taya kwa saratani. Akataka kujua ugonjwa huo uko wapi na wapi haupo. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kama maili 10,000 kwa motokaa kuukuu, toka hospitali hata hospitali, mpaka Afrika Kusini na kurudi. Leo saratani hiyo huitwa kwa jina lake.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza. Huko wagonjwa wa unene, kisukari na matumbo walikuwa wengi, nao vijijini Uganda alikuwa akiwaona kwa nadra. Daktari Cleave wa jeshi la majini alikuwa ameandika kwamba chanzo ni sukari na unga mweupe. Burkitt, pamoja na rafiki yake Hugh Trowell aliyetibu watu Kenya na Uganda miaka mingi, akatazama kile kilichoondolewa katika unga huo: nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Mboga na maharagwe zinazo tele. Hushibisha mapema na kuchelewesha sukari kuingia katika damu, basi mtu hali kupita kiasi, wala mwili hauweki akiba kubwa ya mafuta.

Mwaka 1972 yeye na wenziwe walitangaza hesabu zao: chakula kilipita mwilini mwa wanavijiji wa Uganda kwa muda wa saa 36, lakini kwa wanafunzi wa bweni wa Uingereza saa 76.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Si yote aliyodhani yaliyothibitika, lakini sifa ya mboga imebaki. Siku hizi wataalamu huchunguza hata kwasetini iliyomo katika vitunguu, ambayo katika vyombo vya maabara imezuia chembe changa zisigeuke kuwa chembe za mafuta. Hata hivyo chombo cha maabara si mwili wa mtu.

Ndugu zangu, nanyi mliotutangulia mkapata mishahara, tusiache mbachao kwa msala upitao. Jumamosi hii nitambebea mama kapu lake mpaka sokoni, mchana kweupe.