Edison na Miaka Kumi ya Betri Mbovu

Wanaokumbuka kampeni za mwaka jana watalikumbuka gari letu la matangazo. Ijumaa linapiga muziki kutwa nzima, Jumatatu asubuhi ukiwasha unasikia tk, halafu kimya. Tukasukuma. Tukabusti kwa gari la mwalimu mmoja mpole. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, tukachangishana tukanunua mpya. Haikumaliza mwezi, nayo ikawa maiti. Fundi wa pili akasema tumeuziwa feki. Tukanunua nyingine tena, na safari hiyo bumu lilikuwa bado halijatoka, kwa hiyo kuna watu walikula maharage ya mkopo kwa ajili ya betri.

Nitalirudia gari hilo. Kwanza nataka kumsimulia mzee mmoja wa Marekani ambaye betri za magari zilimtesa kuliko zilivyotutesa sisi, ila yeye alikataa kuendelea kuuza nyingine kabla hajajua ile ya kwanza imekufa kwa nini.

Thomas Alva Edison wengi tunamjua kwa balbu, basi. Alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, na akakulia Port Huron, Michigan. Shule hakukaa sana. Mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari anauza magazeti na peremende ndani ya treni ya Port Huron na Detroit, na kwenye behewa la mizigo akajitengenezea maabara ndogo ya kemia. Siku moja fosforasi ikashika moto humo ndani, na maabara ikaishia hapo. Masikio yake yalianza kufa mapema, na alipofika utu uzima alikuwa karibu kiziwi.

Mwaka 1862 alimwokoa mtoto wa msimamizi wa stesheni asigongwe na behewa. Baba mtu, kwa shukrani, akamfundisha kazi ya telegrafu, na huko ndiko kijana alikokutana na betri. Telegrafu za wakati ule ziliendeshwa na betri za maji zilizopangwa kwenye vyombo vya kioo, na mpiga telegrafu aliyeshindwa kuzitunza hakuwa na kazi. Edison akazunguka miji mingi na kazi hiyo. Alipofika Louisville, Kentucky, alichagua zamu ya usiku ili apate nafasi ya majaribio yake. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mwaka 1867 alikuwa anachezea betri ya risasi, asidi ikamwagika sakafuni, ikapenya katikati ya mbao na kudondokea meza ya bosi chumba cha chini. Asubuhi akafukuzwa. Kwa lugha yetu, alidisko.

Yaliyofuata nayapitia haraka maana yako kwenye kila kitabu. Maabara ya Menlo Park mwaka 1876, mashine ya kurekodi sauti mwaka 1877, balbu iliyodumu mwaka 1879, na kituo cha umeme cha Pearl Street mjini New York kilichowashwa Septemba 1882. Alioa mara mbili: Mary Stilwell, aliyefariki mwaka 1884, na Mina Miller, waliyefunga ndoa mwaka 1886. Tuongeze jambo ambalo vitabu vya shule huliruka: hakuwa peke yake. Alikuwa na kikosi cha mafundi na wanakemia waliokesha naye, na majina yao mengi yalifunikwa na la kwake.

Kuhusu betri za kuhifadhi umeme, Edison wa mwaka 1883 alikuwa mkali sana. Aliwaambia waandishi wa habari kuwa ni ujanja wa kuwatoa watu pesa mifukoni. Betri aliyokuwa akiisema ni hii hii iliyo chini ya boneti za magari yetu, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859: sahani za risasi ndani ya asidi ya salfuriki. Alikuwa amekosea kuidharau, lakini udhaifu aliouona ulikuwepo. Betri ya risasi inapotoa umeme, sahani zake zote mbili hujivika salfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo inarudi ilikotoka. Ukiiacha imeisha kwa siku nyingi, inaganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena. Kila ikiisha hadi mwisho, inafufuka ikiwa dhaifu zaidi ya jana. Tena ni nzito, na asidi yake inakula kila inachokigusa, jambo ambalo jamaa wa Louisville alilijua vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Edison alikuwa ametoka kupoteza fedha nyingi mno kwenye mradi wa kuchambua madini ya chuma huko Ogdensburg, New Jersey. Mtu mwingine angepumzika. Yeye akatazama barabarani, ambako magari ya mvuke, ya petroli na ya umeme yalikuwa yanagombania nani atatawala, akaamua kwamba kinachokosekana ni betri nyepesi isiyo na asidi. Mwaka 1899, akiwa na miaka 52, akaanza. Badala ya asidi aliweka maji ya alkali, yaani potasiamu hidroksidi, na badala ya risasi akaweka chuma upande mmoja na nikeli upande wa pili. Hapa lazima tuwe wakweli: Waldemar Jungner wa Sweden alikuwa kwenye njia hiyo hiyo miaka hiyo hiyo, na wawili hao waligombana kuhusu hataza. Edison alikuwa na kiwanda na jina kubwa, mwenzake hakuwa navyo.

Mwaka 1903 betri ya Edison, iliyoitwa aina ya E, ikaingia sokoni kwa mbwembwe nyingi za magazeti. Muda si mrefu malalamiko yakaanza. Nyingine zilikuwa zinavuja kwenye maungio ya mkebe. Nyingine hazivuji wala hazina tatizo la kuonekana kwa macho, ila kila zikichajiwa zinashika umeme pungufu ya mara iliyopita. Yeyote aliyewahi kuwa na simu inayozima ikiwa asilimia 30 anaujua uchungu huo.

Wateja walikuwepo bado, na pesa ilikuwa inaingia. Edison akasimamisha utengenezaji. Binafsi naona huu ndio uamuzi mkubwa wa maisha yake kuliko hata balbu, kwa sababu alikuwa ameshajisifu hadharani, na sasa alikuwa anakiri hadharani kuwa kitu chake ni kibovu. Kisha akarudi maabara kutafuta, na utafutaji huo ulichukua karibu miaka mitano.

Kuvuja kulikuwa rahisi kukuelewa: maungio yaliyolehemiwa kwa risi hayakustahimili alkali, ikabidi mkebe wa chuma uliopakwa nikeli uunganishwe kwa namna nyingine. Kupoteza uwezo ndiko kulikomkosesha usingizi. Unga wa nikeli haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo alikuwa ameuchanganya na grafiti ili umeme upate njia. Kumbe kila betri inapochajiwa, grafiti inaliwa kidogo kidogo, na unga nao unavimba na kunywea hadi unaachana na kile kinachoupitishia umeme. Nikeli ilikuwepo yote ndani ya betri, ila nusu yake haikuwa na njia ya kutoa umeme wake nje. Betri haikuwa imekufa, ilikuwa imekatika mawasiliano.

Dawa yake ilikuwa ya ajabu. Walipaka silinda tabaka jembamba la shaba, juu yake la nikeli, tena shaba, tena nikeli, mara nyingi. Kisha wakaiyeyusha shaba yote kwa kemikali, ikabaki mikate ya nikeli myembamba kuliko karatasi, wakaikatakata vipande vidogo. Vipande hivyo vilishindiliwa pamoja na unga ndani ya mirija ya chuma yenye vitundu, tabaka kwa tabaka, mamia ya tabaka kwenye mrija mmoja, na mirija ikafungwa pete ili isipanuke. Wakagundua pia kwamba ukiongeza lithiamu hidroksidi kidogo kwenye maji ya betri, uwezo unapanda. Majaribio yalikuwa maelfu. Betri ziliwekwa kwenye mashine ya kuzitingisha kama ziko kwenye barabara mbovu, na inasimuliwa kuwa nyingine zilirushwa kutoka madirisha ya juu ya maabara kuona kama zitapona.

Mwaka 1909 betri mpya ikatoka, na hii ilikuwa kweli. Unaweza kuimaliza chaji kabisa, ukaisahau, ukaichaji kupita kiasi, ikakusamehe. Ilikuwa na kasoro zake: kila seli inatoa volti 1.2 tu, inapoteza chaji ikikaa bure, na baridi ikizidi inalegea. Tena inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na tarehe 15 Januari 1916 gesi hiyo ililipuka ndani ya nyambizi E-2 kwenye bandari ya jeshi la majini mjini New York, watu wakafa. Tatizo la kwanza lilikuwa limetatuliwa, hili la pili halikupewa uzito uliostahili.

Lakini gari la umeme lilishindwa. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza gari la petroli lenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Stata inahitaji umeme mwingi sana kwa sekunde chache, hata asubuhi ya baridi kali, na kazi hiyo betri ya risasi inaiweza kuliko ya Edison. Ile aliyoiita ujanja wa kutoa watu pesa ikaingia kwenye kila gari duniani. Rafiki yake Henry Ford alijaribu kutengeneza naye gari la umeme mwaka 1914, halikufika sokoni. Betri ya nikeli na chuma ikapata riziki kwingine: taa za wachimba migodi, ishara za reli, magari ya kusukumia mizigo. Ikawa miongoni mwa bidhaa zilizomwingizia faida kubwa.

Ikaenda naye hata likizo. Kuanzia mwaka 1916 hadi 1924 Edison alisafiri na Harvey Firestone wa matairi, mwandishi John Burroughs hadi kifo chake mwaka 1921, na baadaye Ford, wakipiga kambi porini na msafara wa magari. Walikuwa na lori la jikoni, wapishi, na mahema yaliyowashwa taa za umeme kutoka kwenye betri za Edison. Mwaka 1921 hata Rais Warren Harding aliungana nao kambini Maryland. Kuwaita watu wa porini ni kuwaheshimu tu.

Sasa gari letu. Fundi wa tatu hakugusa betri. Alizima kila kitu, akafungua waya mmoja wa betri, akaweka mita yake katikati, tukaona nusu ampea inatoka wakati gari limelala. Alichomoa fyuzi moja moja, mita haikushuka. Akafuata waya wa amplifaya ya spika, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeiunga moja kwa moja kwenye betri bila swichi. Piga hesabu: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi zinapita saa 60, yaani ampea-saa 30 kwenye betri ya 60, ambayo nayo ilikuwa imekesha Ijumaa ikipiga muziki. Betri mpya zote mbili tulikuwa tunaziua sisi, kwa kuzimaliza kila wikiendi hadi zikaganda salfeti. Swichi iligharimu pungufu ya sahani ya chipsi mayai.

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, nyumbani kwake West Orange, akiwa na miaka 84. Betri zake ziliendelea kutengenezwa Marekani hadi miaka ya 1970, na baadhi ya wakusanyaji wa magari ya kale bado wanazo za enzi zake, zinazotembeza gari.